Nati Nne Mgongoni kwa Mdogo Wangu

Mtu aliyeniletea habari aliongea na miguu yangu. Nilikuwa nimelala chini ya trekta kwenye karakana ya Nachingwea, uso mzima umejaa grisi, nikasikia sauti: "Fundi, mdogo wako kaanguka kutoka kwenye dungu. Hawezi kusimama." Nilinyanyuka ghafla, nikajigonga paji la uso kwenye chuma, nikatoka pale nikivuja damu na kumkaba yule maskini ukosi wa shati utadhani yeye ndiye aliyemsukuma. Ndivyo nilivyokuwa ujanani. Hasira kwanza, akili baadaye, na mke wangu husema hiyo "baadaye" bado anaisubiri.

Dungu ni kile kichanja cha miti mirefu tunachojenga shambani ili kulinda mtama na nyani. Letu lilikuwa Nanganga, nyumbani kwa mama, na mimi mwenyewe ndiye niliyelijenga. Kipandio kimoja cha ngazi kililiwa na mchwa kwa ndani, nje kikabaki kizima. Mdogo wangu alipanda kama kila siku, kikakatika, akaangukia mgongo juu ya kisiki.

Walimbeba kwa machela hadi barabarani, kisha akalazwa juu ya magunia ya ufuta kwenye lori, kupitia Ruangwa hadi Nachingwea. Dereva alisimama Ruponda kununua kuku. Kuku! Mtoto wa watu kavunjika mgongo, yeye anabishania jogoo. Hilo nilisimuliwa baadaye, na ni bahati yake sikuwepo.

Huyu mdogo wangu ndiye aliyekuwa na miguu ya ajabu pale kwetu. Akienda gulioni Ruangwa na ndoo ya korosho kichwani, wanaume waliokuwa wakimfuata walifika jasho linawatiririka, wakamkuta ameshauza nusu. Sasa nilimkuta kitandani hospitali, macho yameganda kwenye dari. Nikafunua shuka miguuni. Vidole vya mguu wa kulia vilicheza. Vya kushoto vilicheza kidogo sana, tena baada ya yeye kukunja uso kwa nguvu.

"Kaka," akaniambia, "hivi ni vyangu kweli? Mbona vinachelewa?"

Nilicheka ili nisilie. Nikatoka nje nikalia.

Daktari alikuwa Mzungu mrefu mwenye mikono ya madoadoa, na Kiswahili chake kilikuwa cha amri tupu, lakini kilieleweka. Alipanga viberiti vinne, kimoja juu ya kingine, akakisukuma cha pili kikatokeza pembeni. Mgongo wa mdogo wangu ndivyo ulivyokuwa, akasema, na katikati ya zile pingili hupita kamba laini inayopeleka amri miguuni. Sasa hivi kamba imebanwa. Pingili ikiteleza zaidi, kamba itakatika na miguu itakufa. Kwa hiyo alale hivyo hivyo, asigeuzwe ovyo, hadi yeye apate njia ya kuifunga.

Siku mbili baadaye daktari yule yule aliingia karakana. Wakati huo mradi wa karanga wa wakoloni ulikuwa umeshashindwa; karanga hatukuziona, matrekta tukabaki nayo, na kazi yetu ilikuwa kuyafufua. Akamuuliza msimamizi nani ana mkono mzuri wa tupa. Msimamizi akaninyooshea kidole. Daktari akakunjua karatasi yenye mchoro: mabamba mawili membamba, marefu kama kidole cha kati na nusu yake, yenye matundu manne, yakikabiliana, na bolti zinapita kutoka hili kwenda lile.

Nikaugeuzageuza mchoro. Nikamuuliza, "Hii ni ya mashine gani, bwana? Trekta halina kitu kama hiki."

"Si mashine," akasema. "Ni ya yule msichana wa Nanganga. Itakaa ndani ya mgongo wake."

Jamani. Nilishika ukingo wa meza. Nimefungua injini nikakuta panya wamezaa ndani; nimeona mnyororo ukikatika na kuchukua mkono wa mtu. Hakuna kilichonitisha kama kusikia kwamba kuna mtu atapasuliwa, atiwe chuma, ashonwe, na mtu huyo nimembeba mgongoni alipokuwa hana meno. Kwa grisi iliyonijaa usoni daktari hakuwa amenitambua; nikamwambia yule ni dada yangu, tumbo moja. Akanisogezea ile karatasi, akasema, "Basi utaifanya vizuri zaidi."

Mabamba ya aina ile yangeagizwa Ulaya, na meli isingefika kwa wakati. Yeye alikuwa na bamba moja refu la kuungia mfupa wa paja, na fimbo ya chuma cha aina hiyo hiyo kisichoshika kutu. Kazi yangu ilikuwa kulikata lile bamba, kulitoboa, kulichonga, na kutengeneza bolti na nati kutoka kwenye ile fimbo. Nilinunua uti wa mgongo wa mbuzi kwa mchinjaji, nikauchemsha hadi ukawa mweupe, nikaubana kwenye jiliwa, kile chuma cha mezani kinachoshika kazi isitikisike. Nilikuwa sijawahi kuutazama uti kwa makini. Siku zote nilikuwa naufyonza tu. Kila pingili ina kijiti cha mfupa kinachochomoza nyuma, vile unavyovipapasa mgongoni kwa mtu aliyekonda. Mabamba yanakaa kushoto na kulia kwa hivyo vijiti, bolti inatoboa katikati. Pingili mbili nzima za juu na mbili za chini zinaishikilia iliyovunjika, kama majirani wanavyomshika mfiwa.

Bamba la kwanza, la kujaribia, la chuma cha kawaida, lilipasua kijiti cha mbuzi kwa sababu matundu yalipishana kidogo. Nikalitupa ukutani. La pili nikatoboa matundu marefu kiasi, ili bolti iwe na nafasi ya kutafuta mfupa wenyewe. Kingo nilizipiga tupa zikawa laini kama ukingo wa kijiko, maana chuma kikali kingekata nyama kila anapopumua. Daktari akaja, akapitisha kidole, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Mimi ndiye niliyewaza nati za kofia. Bolti ikishapita kwenye nati ya kawaida, ncha hutokeza, na ncha ile ingemsugua kwa ndani miaka yote. Nikasema tufanye nati zilizofungwa upande mmoja, kama zile za kifuniko cha injini, ili ncha ijifiche ndani. Daktari alinitazama upya. Aliniita "mwenzangu" siku ile. Nilivimba kichwa kwa siku tatu, nisiwadanganye.

Kitu kimoja alinirudia mara nyingi hadi nikakereka. Vyote viwe chuma kile kile. Tupa ioshwe, meza ifutwe, hata chengachenga ya chuma kingine isiguse. "Umeona betri ya trekta?" akauliza. "Pale waya wa shaba unapokutana na madini ya risasi, panatoka nini?" Nikamjibu, panatoka unga wa kijani, unakula kila kitu. "Mwili una chumvi na maji. Chuma cha aina mbili ndani ya mwili ni betri." Nikamwambia nimeelewa. Na nilielewa! Hilo ndilo linaloniuma. Nilikuwa nasugua ule ukoga wa kijani kila wiki kwa mikono hii.

Akaniambia pia kwamba chuma hakiponyi. Kinashika tu. Atachota vipande vya mfupa wa nyonga ya mdogo wangu avipange juu ya pingili, na vipande vile ndivyo vitakavyoota na kuziunganisha pingili ziwe mfupa mmoja. "Hapo hatainama tena maishani," akasema. "Akitaka kuokota kitu apige magoti. Lakini atatembea."

Sasa mama akaja.

Alikuja kutoka Nanganga, akafikia kwangu, siku moja kabla ya upasuaji, mchana, mke wangu akiwa shambani Chiola kwa wazazi wake. Mkononi mama alivaa bangili ya shaba aliyovishwa na bibi yetu alipotoka unyagoni. Kwetu bangili ile ilikuwa na kazi. Mwanamke wa ukoo wetu akishikwa na uchungu wa uzazi, au akiugua ugonjwa wa kukata tamaa, mwenye bangili hukaa karibu na kuigusisha mahali panapouma, hadi mgonjwa apate nafuu. Tatizo ni kwamba mkono wa mama ulinenepa miaka mingi iliyopita, bangili haikutoka tena. Na hospitali hawakumruhusu mama kukaa na mwanawe ila kwa muda wa saa moja tu kila jioni. Tena baada ya upasuaji mgongo ungefunikwa kwa plasta ngumu, angegusa wapi?

"Mwanangu," akaniambia, "unamwekea mdogo wako chuma cha watu wasiotujua. Mwekee na bibi yake humo ndani. Kidogo tu."

Nikasema haiwezekani. Nikamweleza habari ya betri. Mama akasikiliza yote, akaniuliza, "Hilo dungu alijenga nani?"

Akauweka mkono wake juu ya meza yangu, kiganja juu, akageuza uso pembeni kama mtu anayechomwa sindano. Nikachukua tupa. Nilikwangua upande wa ndani wa bangili, ule unaoelekea mshipa, hadi pakawa na pengo dogo laini, nikapata kipande kama punje ya ufuta. Nikakitumbukiza ndani kabisa ya kofia ya nati moja na kukigandamiza kwa msumari. Ukiitazama huoni kitu. Nikaipiga ile nati mkwaruzo mmoja wa tupa ukingoni, kwa mazoea tu ya fundi, kila kazi yenye siri huitia alama. Kesho yake alfajiri, kabla ya upasuaji, daktari akazifunga nati zote nne kwenye bolti, moja baada ya nyingine, kuzijaribu. Zote zikaingia vizuri. Akanisifu, nami nikasimama mbele yake, nikasema asante.

Upasuaji ulichukua asubuhi nzima. Mdogo wangu akalazwa ndani ya plasta kama mtumbwi. Wiki ya tatu vidole vya mguu wa kushoto vilikuwa havichelewi tena. Mama akanitazama kwa jicho la kusema *unaona?* Na mimi, mjinga mkubwa, nikaona.

Wiki ya sita homa ikaja. Daktari alikata dirisha kwenye plasta, na juu ya kidonda kilichokwisha funga palikuwa na uvimbe. Ukapasuka. Usaha ukatoka, na dresa, yule kijana aliyekuwa akifunga vidonda, akaninong'oneza mlangoni kuwa hajawahi kuona usaha wa rangi ile. "Wa kijani kijani, fundi. Kama ukoga."



Daktari alituita, mama na mimi. Alikuwa hajalala, macho mekundu. Akasema mwili umekikataa chuma. Mfupa haujashika bado, ungehitaji miezi. Lakini akikiacha, usaha utaingia kwenye ile kamba na binti atakufa. Alhamisi atafungua atoe vyote, mabamba na bolti na nati. "Na pingili?" nikauliza. Akaangalia dirishani. "Pingili zinaweza kuteleza. Labda miguu itabaki. Labda."

Tulipotoka mama akanishika mkono, kucha zikaniingia. "Usithubutu," akasema. "Watasema tumemwekea dawa mtoto wetu wenyewe. Watakufunga. Na wakimtoa bibi yake, amekwisha."

Ilikuwa Jumanne. Sikuweza kushika spana. Nilimtukana kila mtu karakana, hata msimamizi, na nilipokosa wa kumtukana nikakaa mbele ya betri moja mbovu nikiitazama. Kila nilipojaribu kujiambia pengine ni kitu kingine, pengine ni mwili tu, ule unga wa kijani ulikuwa pale mbele ya macho yangu. Niliujua toka siku ya kwanza. Mdogo wangu alikuwa anapoteza miguu kwa mara ya pili, na mara zote mbili fundi alikuwa mimi.

Jumatano asubuhi nilimkuta daktari kwenye ngazi za hospitali, anavuta sigara. Nikamwambia.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Nati moja, ndani ya kofia, shaba. Masikio yake yakawa mekundu, kisha uso mzima ukawa mweupe. Nilingoja anipige. Kwa haki ya Mungu nilitamani anipige. Aliketi pale pale kwenye ngazi, sigara ikamwunguza vidole.

"Mimi nilikueleza."

"Ulinieleza, bwana."

"Betri."

"Betri, bwana."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Ni mimi."

Kisha akauliza swali ambalo ndani yake mlikuwa na tumaini. "Nati ipi?"

"Ina mkwaruzo wa tupa ukingoni. Mmoja tu."

Alinyanyuka kwa kasi hata nikarudi nyuma. Akaniamuru nikatengeneze nati mpya saa ile ile, naye akanifuata karakana, akasimama nyuma yangu tangu nilipokata fimbo hadi nilipomaliza. Jasho lilinidondoka. Hii haikuwa na kofia. Alisema tangu leo nati zote ziwe wazi pande mbili, ncha ikatwe na kulainishwa mle mle mgongoni, ili kila tundu lionekane hadi ng'ambo. Wazo langu zuri lilikufa siku ile, na lilistahili kufa.

Hakungoja Alhamisi. Alifungua mahali padogo tu, palipovimba, na alama ilikuwa pale pale. Baada ya saa moja na nusu dresa alitoka na bakuli jeupe, akaniwekea mbele. "Daktari amesema utazame." Daktari alikuwa ameikata ile nati katikati. Ndani ilikuwa ya kijani, imelika, na chuma kilichoizunguka ambacho niliambiwa hakishiki kutu kilikuwa na vidonda vyeusi. Nilitapika kwenye bustani ya maua ya hospitali.

Homa ilishuka. Usaha ukakauka. Mabamba yakabaki, na zile nati tatu na ile mpya. Miezi minne baadaye plasta ilikatwa, daktari akamshika mikono, mdogo wangu akasimama, akapiga hatua tatu, akasema anataka kwenda peke yake. Akaenda hadi mlangoni. Mama alipiga kigelegele, akakatiza katikati, maana alikumbuka alikuwa haongei na mimi. Aliponipita aliniambia kwa sauti ya chini, "Umemtoa bibi yake." Hiyo ndiyo shukrani niliyopata.

Lakini dresa ana mdomo. Tulipomrudisha mdogo wangu Nanganga, jioni ya kwanza, ameketi wima kwenye kigoda, akaniuliza mbele ya mama: "Kaka, ni kweli ile shaba iliyonitia kidonda uliiweka wewe?"

"Ndiyo."

"Nani alikwambia uniwekee?"

Mama alikuwa anapepeta mtama. Ungo ukasimama. Nilimtazama, na mdomo wangu huu, ambao haujawahi kushikilia kitu hata siku moja, ulikuwa umeshafunguka. Nikaona mkono wake na ile bangili, umeshikilia ukingo wa ungo. Mtoto anayemwogopa kaka aliyemchongea chuma anaweza kuishi. Anayemwogopa mama yake aende wapi?

"Hakuna," nikasema. "Nilijiamulia."

Mdogo wangu akaniambia, polepole, kwamba yeye alilala miezi ile akijua nje kuna watu wawili wanaomlinda, mama na mimi. "Kumbe alikuwa mmoja." Toka siku hiyo hakuniamkia. Miaka minne! Nikienda Nanganga ananiletea chakula, anaweka, anaondoka. Aliolewa, akazaa mtoto kwa kupasuliwa, akapona, na habari zote hizo nilizipata kwa watu. Mara ngapi nilitaka kumropokea ukweli? Kila niliposafiri, toka Nachingwea nilikuwa nimeshaamua, nikifika nikamkuta mama amekaa karibu naye, wanachambua ufuta, basi nakunywa maji naondoka. Nilimchukia mama baadhi ya siku. Nasema kweli.

Mama alifariki msimu wa kuokota korosho. Nilifika nikakuta wanawake ndani, wanataka kumwosha, na bangili haitoki. Mkono ulikuwa umevimba. Shangazi akaja mlangoni akaomba msumeno wa chuma. Nilikuwa nao kwenye mfuko wa vifaa, kama kawaida yangu. Nikaupitisha mlangoni, ukapokelewa na mkono wa mdogo wangu.

Tulikaa kwenye mikeka uani, wanaume, tukisikiliza ule msumeno. Ulisuguasugua, kisha ukanyamaza. Ulinyamaza muda mrefu. Shangazi akasikika akisema, "Kata basi, umeona nini?"

Mdogo wangu alikuwa ameigeuza bangili ili akate upande mwembamba, na upande mwembamba ulikuwa ule wa ndani, unaoelekea mshipa. Pale palikuwa na pengo langu, limelainishwa vizuri kwa tupa. Bangili isiyotoka mkononi haichongwi pale ila mwenye mkono ameulaza mwenyewe juu ya meza, kiganja juu, akatulia.

Alitoka nje kabla hata hawajamaliza kumwosha. Bangili iliyokatwa ilikuwa mkononi mwake. Watu wakampisha, maana hawakujua anakwenda wapi kwa hatua zile. Akasimama mbele yangu. Mdogo wangu hawezi kuinama. Pale kati mgongo wake ni mfupa mmoja na chuma changu. Akashusha goti moja, halafu la pili, bila kushika kitu, mgongo umenyooka wima mbele ya ukoo mzima.

"Shikamoo, kaka," akasema.

"Marahaba, mdogo wangu," nikaitikia.